Bendera ya Nani, Raia wa Nani?



Nianzie baharini. Mwishoni mwa karne ya 19, baadhi ya majahazi ya Sur, kule Oman, yalisafiri yakipeperusha bendera ya Ufaransa. Manahodha wake walikuwa raia wa Sultani wa Muscat, lakini hati walizipata kwa Wafaransa, katika makoloni kama Obock. Faida yake kila baharia aliijua: manowari za Waingereza zilizosaka biashara ya watumwa hazikuwa na ruhusa ya kupekua chombo chenye bendera ile. Si kila aliyeitweka alibeba watumwa; ila aliyewabeba alikuwa na kila sababu ya kuitamani.

London na Paris zikavutana mpaka shauri likafika The Hague, kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi. Hukumu ilitoka tarehe 8 Agosti 1905. Waamuzi walikuwa watatu, mmoja wao Melville Fuller, Jaji Mkuu wa Marekani. Walisema kwamba kabla ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa ilikuwa huru kumpa bendera yake iliyemtaka. Baada ya hapo ilibanwa na Mkataba wa Brussels wa 1890, na ruhusa mpya ya bendera iliweza kupewa tu wachache waliokuwa chini ya himaya yake tangu kabla ya 1863.

Sehemu ninayoirudia kila mwaka darasani ni nyingine. Jahazi lenye hati halali, walisema, lisiguswe hata katika maji ya Muscat. Lakini mwenye jahazi, jamaa zake na mabaharia wake hawatoki kwenye mamlaka ya Sultani. Bendera imekinga mbao. Mtu amebaki wa kwao.

Sultani mwenyewe, kumbukeni, hakuwa mdai wala mdaiwa. Raia wake, bahari yake, kesi ya wengine! Si ajabu sana. Tangu mkataba wa 1833 na Marekani, Seyyid Said, Sultani wa Muscat na Zanzibar, alikubali kwamba Wamarekani wakigombana wao kwa wao katika milki yake, hakimu ni konseli wao. Konseli wao wa kwanza Zanzibar, Richard Waters, alifika 1837, naye alikuwa mfanyabiashara: anashindana na wenzake asubuhi, anawaamua jioni.

Sasa tujitazame. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 6, inampa hakimu wetu mamlaka juu ya kosa alilotenda raia wetu popote duniani. Hapo sheria humfuata mtu kama kivuli. Mtu huyohuyo, akiwa mtu mzima, akichukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine, Sheria ya Uraia ya 1995 inamvua uraia wetu siku hiyohiyo, hata kama mama yake yuko Tanga na shamba la babu yake liko Muheza. Kivuli kimekwenda wapi?

Kenya iliachana na msimamo huo katika Katiba yake ya 2010. Sisi tumeushikilia, na kwa maoni yangu tumekosea, kwa sababu tumeipa karatasi ya kigeni nguvu ambayo waamuzi wa The Hague waliinyima. Wanafunzi wa sheria mlio humu, isomeni hukumu ile, ni fupi. Kisha niandikieni mkinipinga.