Karata Nzuri Isiyo na Uhakika: Lini Uweke Vyote Mezani?



Najua wapo waliosoma tangazo la mhadhara huu wakajiuliza tangu lini hisabati imegeuka kuwa somo la kamari. Wana haki ya kuuliza. Mimi sichezi kwa fedha, wala sikuja kumshawishi mtu. Nimeichagua poka kwa sababu mchezaji hulazimika kuamua huku sehemu kubwa ya habari imefichwa mkononi mwa mwenzake, na bado uamuzi wake unaweza kupigiwa hesabu.

Twendeni Las Vegas, mwaka 2003, ukumbi wa Binion's Horseshoe. Kati ya washindani 839 wa shindano kuu la World Series of Poker wamebaki wawili: Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyepata nafasi kupitia shindano dogo la intaneti, na Sammy Farha, mzaliwa wa Lebanon, mchezaji mzoefu anayeishi kwa karata. Kila mmoja hupewa karata mbili za siri. Mezani hufunuliwa karata tano za wazi: tatu kwa pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano, na dau huwekwa kila hatua. Tofauti na michezo yetu ya turufu, ambako ukishagawiwa lazima ucheze hadi mwisho, hapa unaweza kutupa karata zako na kuachia kilichomo mezani.

Katika mchezo mmoja Farha alikuwa na malkia na tisa. Karata za wazi zilipokamilika, tisa ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote mezani, kwa hiyo alikuwa na jozi ya tisa. Moneymaker akasukuma vyote, yaani akaweka mezani kila alichokuwa nacho. Hakuwa na kitu, hata jozi: shupaza tano alizozingoja hazikutimia. Farha alifikiri kwa muda mrefu, kisha akatupa karata zake.

Baadaye usiku huohuo zikafunuliwa jeki, tano na nne. Farha alikuwa na jeki na kumi, yaani tena jozi ya juu. Safari hii ni yeye aliyesukuma vyote. Moneymaker akafuata, yaani akalikubali dau hilo, bila kusita, kwani mkononi alikuwa na tano na nne: jozi mbili. Karata ya mwisho ikawa tano nyingine, na dola milioni 2.5 zikaenda Tennessee.

Watu husimulia mikasa hii miwili kama kisa cha ujasiri na woga. Mimi nadhani hilo halitusaidii. Swali la anayesukuma vyote si “je, naongoza?” Ni “nikisukuma, nani atanifuata?”

Tupige hesabu. Mezani kuna 1,000, nami nina jozi ya juu na nimebakiwa na 1,500. Nikisukuma na mwenzangu akatupa, napata 1,000. Akifuata, mara nyingi atakuwa na kitu cha maana. Tuseme basi nitashinda mara moja tu katika nne. Robo ya 4,000 ni 1,000, nami nimetoa 1,500, kwa hiyo kwa wastani napoteza 500. Akitupa zaidi ya mara moja katika tatu, kusukuma kunalipa.

Hapo wengi hufunga daftari, na hapo ndipo wanapokosea. Wamelinganisha kusukuma na kutupa, ambako thamani yake ni sifuri. Lakini mwenye jozi ya juu ana njia ya tatu: kupita, yaani kutoweka dau, au kuweka dau dogo, akaendelea. Ikiwa kwa njia hiyo karata zangu zina thamani ya 600, sasa lazima mwenzangu atupe zaidi ya mara 73 katika 100 ndipo kusukuma kuwe bora. Na akitupa mara nyingi hivyo, anatupa zipi? Zilezile nilizokuwa nikizishinda.

Mwanahisabati John von Neumann aliliona hili mapema. Mwaka 1944, katika kitabu alichoandika na Oskar Morgenstern, aliitengeneza poka ndogo ya karatasini. Jibu lake bado linawashangaza wanafunzi wangu kila mwaka: weka dau kubwa ukiwa na karata bora kabisa, na pia ukiwa na baadhi ya zile mbovu kabisa. Zile za katikati, pita. Moneymaker, asiye na hata jozi, alifanya alichoelekeza von Neumann.

Lakini poka ya von Neumann haina karata zinazosubiriwa. Ya kweli inazo, na hofu ya mwenye jozi inatoka huko. Mpinzani mwenye shupaza nne, zikiwa zimebaki karata mbili kufunuliwa, ataipata ya tano mara 35 katika 100. Nikisukuma 1,000 juu ya 1,000, anahitaji ushindi wa mara 33 tu ili kufuata kumlipe. Anafuata kwa haki. Nikisukuma 1,500, anahitaji mara 37.5; akifuata, anakosea kidogo, na kosa lake ni faida yangu. Nikiwa na 20,000 nikazisukuma zote, yeye atatupa bila kufikiri, na atakayebaki kunifuata ni mwenye jozi mbili au zaidi. Nitakuwa nimehatarisha 20,000 nipate 1,000. Mimi naona huu ndio ugonjwa mkubwa wa wachezaji wageni: wanaiogopa karata ijayo kuliko iliyokwisha kushikwa na mtu.

Sasa mpimeni Farha upya. Alipotupa jozi ya tisa, hakukuwa na karata ya kusubiri. Hakuwa na cha kulinda. Alikuwa akikisia tu moyo wa mtu. Aliposukuma kwa jeki, mezani kulikuwa na shupaza mbili, karata mbili hazijafunuliwa, na akiba yake ilikuwa imeshapungua sana mbele ya ile ya Moneymaker. Wenye shupaza wangeweza kumfuata kwa hasara, na wenye jeki yenye mwenza mdogo pia. Kilichomkuta ni tano na nne, naye akabakiwa na karata tano tu za kumwokoa moja kwa moja, jeki mbili na kumi tatu. Mimi ningemshauri asukume vilevile. Ni ile jozi ya tisa ambayo ningetaka kuijadili naye.