Mkuu wa Kituo ni Mtumishi wa Nani?

(Hotuba kwa viongozi wa makanisa na watetezi wa haki za raia)



Tumezoea kuzungumza juu ya mageuzi kana kwamba yote hufanyika Nairobi, bungeni na mahakamani. Leo twaomba tuligeukie jengo dogo lenye bendera lililoko katika miji yetu midogo, yaani kituo cha polisi. Kwa mwananchi wa kawaida, serikali si Rais wala waziri. Serikali ni askari aliye nyuma ya meza ya ripoti, na juu yake mkuu wa kituo, ambaye sote twamwita OCS. Akiwa mwadilifu, mji hulala usingizi. Akiwa mla rushwa, hata Katiba iliyo bora hubaki karatasi tupu.

Tulikotoka twakujua. Tarehe 7 Julai 1990, watu waliokwenda Kamukunji kudai vyama vingi walipokewa kwa marungu na mabomu ya machozi. Kifungu cha 2A kiliondolewa Desemba 1991, lakini rungu halikuondoka. Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia ndani ya Kanisa Kuu la All Saints jijini Nairobi, wakawapiga watu waliokuwamo, akiwamo Mchungaji Timothy Njoya. Na Juni 2024, vijana waliuawa kwa risasi katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Basi asituambie mtu kwamba jambo hili limepitwa na wakati.

Hata hivyo, ndugu zetu, sheria imebadilika, na wengi wetu hatujaitumia. Tangu mageuzi ya 1997, hatuhitaji leseni ili kufanya mkutano wa hadhara. Twampelekea mkuu wa kituo taarifa, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya mkutano. Yeye ni mpokeaji wa taarifa, si mgawaji wa ruhusa. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 244, yaiagiza Huduma ya Taifa ya Polisi izuie ufisadi, iheshimu haki za binadamu na ijenge uhusiano mwema na jamii. Ibara ya 245 yakataza mtu yeyote kumwamuru Inspekta Jenerali ni nani achunguzwe na ni nani aachwe. Ikiwa mkubwa wao amekingwa hivyo, mkuu wa kituo kidogo atapokea amri za mwanasiasa wa mtaani kwa sheria gani?

Kiongozi wa polisi anayeijali jamii hujulikana kwa matendo. Huhakikisha kwamba kila malalamiko yanaandikwa katika kitabu cha matukio, na kwamba mlalamikaji anapewa namba yake ya OB, awe tajiri au mchuuzi wa sukumawiki. Mama aliyepigwa hupewa fomu ya P3 bila kuombwa hata senti ya karatasi. Aliyekamatwa huelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, huruhusiwa kuwasiliana na wakili na watu wake, na hufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa muda huo umeishia nje ya saa za mahakama. Dhamana ya polisi haina ada, na mwenye kuweka fedha taslimu hupewa risiti. Haya si hisani, ni wajibu.

Lakini hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Maafisa wema wapo, nasi twawashukuru. Tatizo ni kwamba afisa huhamishwa. Leo twamsifu, kesho gari lapakiwa vyombo vyake, na mji warudi palepale kwa sababu wema ule ulikuwa wake peke yake. Tukiendelea hivi, haki yetu itakuwa kama mvua, twaisubiri tu na kutazama mawingu. Yatupasa kuugeuza wema wa mtu mmoja uwe desturi ya kituo, atakayekuja aikute na aifuate.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. Kwanza, kila kanisa liteue watu wawili wanaoaminika wa kuwasindikiza kituoni wajane, vijana na maskini wanaoogopa kwenda peke yao. Pili, tuingie katika kamati za ulinzi wa pamoja zinazotambuliwa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, tusiwaachie wapambe wa wanasiasa. Mpango wa Nyumba Kumi nao usiwe mfereji wa kupeleka siri za majirani kwa polisi; polisi nao watujibu tunapouliza. Tatu, tuandike sisi wenyewe tarehe, saa na namba za OB. Panapotokea kifo au jeraha baya mikononi mwa polisi, tuipelekee habari hizo Mamlaka Huru ya kuwasimamia polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Nne, afisa akitenda haki, tumwandikie mkuu wake barua ya kumsifu, kwani anayelaumiwa daima hukata tamaa.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mkuu mpya wa kituo akifika mjini, wa kwanza kubisha hodi wasiwe wenye baa na mabwanyenye wenye bahasha. Tuwe sisi, pamoja na mchungaji, mwalimu, mama wa sokoni na kijana wa bodaboda, tumkaribishe kwa heshima na tumwambie desturi ya mji huu: hapa watu huulizia namba ya OB, huhesabu saa 24, na hawatoi kitu kidogo.