Baba, Wana na Mali ya Mama

Jioni hii twataka kuwapa habari za nyumba moja ya Urusi iliyovunjika. Sisi walimu tuliitazama katika picha ya sinema pamoja na wanafunzi wetu wa ualimu, tukaona kuwa mambo ya huko si mageni hapa kwetu Ugogo.

Hadithi hiyo ni ya ndugu wa ukoo wa Karamazov. Aliitunga Dostoyevsky, ikachapishwa katika miaka ya 1879 na 1880. Na mwaka wa 1958 Richard Brooks, Mmarekani, aliifanya sinema. Mzee Fyodor ana wana watatu ambao hakuwalea. Dmitri, mwanawe mkubwa, amdai baba yake mali iliyoachwa na marehemu mama yake, na baba akana deni. Tena wote wawili wampenda mwanamke mmoja. Dmitri kwa hasira asema mbele za watu kwamba atamwua baba yake. Usiku mmoja mzee auawa.

Aliyeua si Dmitri, bali Smerdyakov, mtumishi wa nyumbani. Lakini ni nani atakayesadiki? Katika kitabu, barazani yasomwa barua ambayo Dmitri mwenyewe aliiandika hali amelewa, akieleza atakavyomwua baba yake. Mkono wake ukawa shahidi juu yake, naye akahukumiwa kazi ngumu Siberia bila kosa la kuua.

Hapo sinema yaachana na kitabu. Katika sinema Dmitri atoroka. Katika kitabu, mpaka mwisho, kutoroka ni shauri tu. Wanafunzi wetu walishangilia. Tukawauliza, "Aliyepona ni nani? Baba yu kaburini, na nyumba haipo tena." Wakanyamaza. Ndiyo maana sisi twaupenda zaidi mwisho wa kitabu, kwa kuwa haumfichi msomaji hasara.

Basi enyi akina baba, ng'ombe wa nyumba ya mama fulani wajulikane leo, mbele ya wana na wazee, wala msingoje mpaka ugomvi uingie zizini. Nanyi vijana mnaodai haki, daini barazani, kwa adabu. Wazee walinena kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dmitri alikuwa na haki ya kudai, lakini ulimi wake ulimponza.

Kwaherini, mlale salama.