Nguvu Iliyofungwa Katika Springi ya Gari

Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya chombo kimoja cha gari ambacho wengi wenu mmekiona, lakini si wengi wanaokiogopa kama ipasavyo. Ni ile springi ya duara, iliyojiviringa kama nyoka, isimamayo juu ya gurudumu la mbele. Labda mtu atauliza, Mwalimu ana shauri gani na springi za magari? Nyuma ya chuo tunapofundisha walimu pana mwembe, na chini yake vijana kadhaa hutengeneza magari. Siku moja, nikiwa darasani, tulisikia mshindo kama wa bunduki. Tulipotoka tuliona bati la kibanda limetoboka, na kijana mmoja ameketi chini, hana jeraha, lakini hawezi kusema neno. Alikuwa ameifunga springi kwa waya wa kujengea, akafungua nati ya juu, na waya ukakatika. Kifuniko cha chuma kilipita karibu na sikio lake. Tangu siku ile nimewauliza mafundi mengi, na niliyoyapata ndiyo haya.

Malori ya zamani yalikuwa na springi za vyuma bapa, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama kurasa za kitabu. Lori likiinuliwa kwa jeki, vyuma hivyo hulegea, na fundi huvifungua pasipo hofu kubwa. Kisha katika miaka ya 1940 mhandisi mmoja Mmarekani, Earle MacPherson, alibuni nguzo iliyounganisha springi ya duara na shokomzoba, ambayo mafundi wetu huiita shokapu. Ford ya Uingereza ilionyesha magari yake ya Consul na Zephyr yenye nguzo hizo mwaka 1950, na leo Toyota Corolla na magari madogo mengi yapitayo katika barabara zetu ni ya namna hiyo.

Sasa sikilizeni vema. Katika nguzo hiyo springi haipumziki kamwe. Hata gari likiinuliwa, hata nguzo ikitolewa na kulazwa mezani, springi bado imebanwa kati ya kisahani cha chini na kifuniko cha juu, na kinachoizuia isiruke ni nati moja tu, iliyo katikati, katika ncha ya ufito wa shokomzoba. Juu kabisa, mahali nguzo inaposhikana na mwili wa gari, mara nyingi pana nati nyingine ndogo, tatu kwa kawaida, zilizoizunguka ile ya katikati. Hizo za pembeni ndizo za kufungua ili nguzo itoke garini. Ile ya katikati isiguswe. Fundi mgeni akikosea hapo, hana wakati wa kutubu.

Wanafunzi, chukueni kalamu. Tuseme springi yataka uzito wa kilo 25 kuibana sentimita 1. Ikibanwa sentimita 12, yasukuma kwa uzito wa kilo 300. Tena kazi iliyowekwa akiba ndani yake ni nusu ya 300 mara 0.12 ya mita, yaani 18. Maana yake, ikiachiwa ghafula, yaweza kurusha kitu cha kilo 1 kwenda juu mita 18. Au geuzeni: ni kama nazi ya kilo 1 ianguke kutoka mnazi wa mita 18 juu ya kichwa cha mtu. Na springi hiyo ikibanwa mara mbili ya hapo, akiba haiwi mara mbili, bali mara nne. Pigeni hesabu nyumbani mtaona.

Basi, zana za kujitengenezea. Nimeona waya, kamba, mikanda ya magari mabovu, na vipande vya nondo vilivyopindwa na kuchomelewa. Kamba hunyumbuka, waya hukatika bila kutoa taarifa, chuma kilichochomelewa chaonekana kizima kwa nje, na ndani kina ufa. Wako hata wanaochomelea kulabu juu ya springi yenyewe, na hilo ni baya kupita yote, kwa kuwa chuma cha springi kikipata moto wa namna hiyo huwa chepesi kuvunjika. Wengine hununua vile vyuma virefu vyenye hesi viuzwavyo kwa mita. Tazameni bolti nzuri: kichwani imeandikwa 8.8. Ile 8 ya kwanza yaonyesha kwamba chuma chake huvumilia nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika. Chuma cha mita mara nyingi ni cha 4.6 au 4.8, yaani nusu ya nguvu hiyo, na kwa macho havitofautiani.

Yuko fundi mzee aliyenionyesha zana yake aliyoitengeneza mfano wa shinikizo la mafuta ya ufuta: mabamba mawili mazito, moja juu na moja chini ya nguzo, na bolti nne za 8.8 zipitazo katika matundu ya pembe. Hakuna kulabu ya kuteleza, wala mahali palipochomelewa panapobeba mzigo. Bolti huvutwa moja kwa moja, hazipindwi. Naye huizungushia mnyororo kabla ya kuanza. Zana hiyo niliistahi. Walakini mwenyewe aliniambia kwamba angekuwa na vibano vya dukani tangu ujana, asingalihangaika kutoboa mabamba.

Vibano hivyo huuzwa viwili viwili, kila kimoja ni bolti ndefu yenye kulabu mbili. Vitazamwe kwanza: hesi iliyolika au kulabu iliyofunuka haifai. Vikae vikikabiliana, kimoja upande huu na kingine upande wa pili, vikishika pete nyingi za springi kadiri iwezekanavyo. Hesi itiwe grisi. Kaza kimoja kidogo kwa spana ya mkono, kisha kingine kidogo, zamu kwa zamu. Ukikaza upande mmoja tu springi hupinda kama upinde, na kulabu hutembea. Kichwa chako kisiwe juu ya ncha ya nguzo, wala ncha hiyo isielekee mtu, mlango au mtoto anayetazama. Jaribu kuizungusha springi kwa mkono: ikicheza katika kisahani chake, ndipo ile nati ya katikati ifunguliwe. Isipocheza, bado.

Wakati wa kurudisha, mwisho wa springi ukae barabara katika kituo chake kwenye kisahani, nati ya juu iwe mpya, nayo ikazwe kabla vibano havijalegezwa. Kulegeza nako ni zamu kwa zamu, polepole kama wakati wa kukaza, kwa maana hapo ndipo wengi huharakisha, wakidhani kazi imekwisha.

Vijana wa mwembeni walichanga fedha wakanunua jozi moja. Fundi wa mtaa wa pili akitaka kuiazima hupewa, kwa sharti airudishe siku ile ile, hesi imefutwa mchanga na kutiwa grisi mpya. Lile bati lenye tundu hawajaliondoa.