Kisukari: Wengi Wanacho, Wachache Wanajua

Leo tunazungumzia kisukari, ugonjwa unaokuja pale homoni ya insulini inapopungua au mwili unaposhindwa kuitumia.

Tuanze na takwimu. Mwaka 1989, utafiti wa vijijini Tanzania ulikuta ugonjwa huu kwa chini ya mtu mzima 1 kati ya 100. Mwaka 2012, uchunguzi wa kitaifa ulikuta takriban 9 kati ya 100. Tahadhari hapa: ule wa kwanza ulikuwa wa vijiji peke yake, wa pili ukajumlisha na miji, kwa hiyo tusikimbilie kusema umeongezeka mara tisa. Kwamba umeongezeka, sina shaka.

Linalonitia uchungu zaidi ni hili. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba kanda yake ya Afrika ilikuwa na watu wazima milioni 24 wenye kisukari, na zaidi ya nusu yao hawakujua kuwa wanacho. Mama lishe yuko jikoni, dereva wa bodaboda yuko barabarani, huku macho na figo vikiharibika kimyakimya.

Je, tupime kila mtu? Wapo wanaosema ndiyo. Kwa upande wa pili, wengine wanauliza: ukimpima mtu kwenye zahanati isiyo na dawa, umemsaidia nini? Hoja hiyo ni nzito. Hata hivyo, anayejua mapema anaweza kuanza kubadili mlo.

Na wewe unayenisikiliza, mara ya mwisho ulipima sukari lini?