Mbuzi wa Mchungaji: Neno Juu ya Nyimbo za Chekechea Yetu



Nimepewa dakika chache niseme juu ya malezi ya watoto wadogo katika miaka 100 ya usharika wetu. Wenzangu wamekwisha kueleza habari za msingi wa kanisa, za kengele na za kwaya. Mimi nitasema habari za mbuzi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, nilipoletwa hapa nikiwa mchungaji kijana, nilipita siku moja karibu na dirisha la chekechea, nikawasikia watoto wakiimba wimbo uliotungwa na mwalimu wao:

Mbuzi wa mchungaji amevaa miwani,
Amepanda baiskeli kwenda kanisani,
Kikapu cha sadaka kimebaki na nani?
Mbuzi kala sadaka, mchungaji yu njiani!

Siku zile nilivaa miwani, na nilipanda baiskeli. Sikucheka. Nilimwita mwalimu ofisini nikamwambia kwamba wazazi huleta watoto wao wajifunze Neno la Mungu na kusoma, si upuuzi. Akanijibu kwa upole, "Nimesikia, Baba Mchungaji." Nyimbo za namna ile zikakoma.

Baada ya majuma matatu nilikwenda kufundisha kipindi cha dini. Watoto waliketi kimya, mikono magotini. Niliuliza, hakuna aliyejibu. Tulipotoka nje, mwalimu alinionyesha mtoto mmoja ambaye mama yake nilikuwa nimemzika mwaka ule ule. Akasema, "Huyu hajasema neno hapa tangu msiba, isipokuwa moja. Nilipokoma kabla ya neno la mwisho la wimbo wa mbuzi, yeye ndiye aliyetamka 'njiani'. Sasa hata hilo hana."

Siku ile ile niliondoa katazo langu. Lakini niliondoa kama mtu atoaye ruhusa, si kama mtu aombaye radhi. Mtoto yule alichukua siku nyingi kabla ya kulitamka tena neno lake. Mwalimu amekwisha kulala katika Bwana. Radhi hiyo naiomba leo, mbele yenu.

Ndugu zangu, yule mama alijua alichokuwa akifanya. Mtoto anayengoja kina cha mwisho husikiliza kwa masikio yote. Naye aliyezoea kutambua kwamba "nani" na "njiani" huishia kwa sauti moja, amekwisha kuanza safari ya kusoma kabla hajaona herufi. Mwaka 1987 watafiti Maclean, Bryant na Bradley wa Uingereza walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wa miaka 3, wakaonyesha uhusiano kati ya kujua mashairi ya kitoto na kutambua sauti za maneno. Tena, watoto wetu wengi walikuja wakijua lugha ya nyumbani tu. Kiswahili walikipokea kwa kuimba, bila kuchekwa, kwa sababu aliyechekwa alikuwa mbuzi. Na mtoto mwenye haya hupata mlango: haambiwi asimame peke yake aseme, bali aongeze neno moja katika sauti za wenzake.

Wala jambo hili si geni katika Kanisa letu. Martin Luther, katika waraka wake wa mwaka 1524 kwa madiwani wa miji ya Ujerumani, alitaka shule ambazo watoto watajifunza kwa furaha na michezo. Na Friedrich Fröbel, ambaye taasisi yake ya watoto wadogo ilipewa jina la "bustani ya watoto" mwaka 1840, alikuwa mwana wa mchungaji wa Kilutheri. Mwaka 1844 alitoa kitabu cha nyimbo na michezo ya mama na mtoto.

Nasema haya kwa sababu katazo langu laweza kurudi kwa mlango mwingine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua rasmi elimu ya awali, nalo ni jambo jema. Lakini wako wazazi wanaoipima chekechea kwa wingi wa madaftari, nao wakisikia watoto wanaimba na kucheka, huuliza wamelipia nini. Wapendwa, mmelipia hicho hicho.

Ninayo maombi mawili. Kwanza, baraza la wazee lisimpunguzie mwalimu wa chekechea saa ya nyimbo. Pili, kitabu hiki kina majina ya wachungaji na ya waliobeba mawe ya msingi. Basi ninyi mliopita katika darasa lile, ambao leo mna mvi, andikeni nyimbo mlizofundishwa, kabla hatujaondoka nazo. Jina la mwalimu sikulitaja, kwa kuwa mwenyewe hakupenda kutajwa. Lakini kazi yake na iandikwe.

Katika Marko sura ya 10 twasoma kwamba waliowazuia watoto walikuwa wanafunzi wa Yesu wenyewe, naye Bwana akachukizwa. Nilikuwa mmoja wao. Bwana atusamehe, awabariki watoto wetu, na aujalie usharika huu karne nyingine yenye sauti zao.

Amina.