Bima ya Afya kwa Vijana Wetu Walioko Vyuoni



Mzazi anayempeleka mwanawe chuoni huhesabu ada, nauli, godoro, chakula na vitabu. Ugonjwa mara nyingi haumo katika hesabu hiyo, kwa kuwa kijana anaondoka nyumbani akiwa na nguvu zake. Hata hivyo ajali ya bodaboda, malaria kali au upasuaji wa kidole tumbo haviulizi umri. Siku hiyo ikifika, fedha ya ada ndiyo inayokwenda hospitalini, na masomo husimama.

Yatupasa kuelewa mahali aliposimama kijana huyu. Akitimiza miaka 18 si mtoto tena, lakini bado hana mshahara. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ulianza na watumishi wa serikali: mtumishi alikatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri akaongeza asilimia 3. Mkulima wa mahindi na mama lishe hawana mwajiri wa kuwaongezea. Na tangu mwaka 1993, serikali ilipoanza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali zake, mgonjwa asiye na kadi hudaiwa fedha taslimu.

Ziko njia nne za kuangalia.

Kwanza, kadi ya mzazi aliyeajiriwa. Mzazi aulize mapema ikiwa mwanawe, kwa umri alio nao, bado anapokelewa kama mtegemezi. Asingoje kuambiwa dirishani mwa hospitali.

Pili, kadi ya mwanafunzi ya Mfuko wa Taifa, ambayo hupatikana kupitia chuo. Kwa miaka mingi mchango wake umekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, yaani shilingi 4,200 kwa mwezi. Kabla ya kulipa, ulizeni chuoni kiwango cha mwaka husika. Mkishalipa, fuatilieni hadi kadi itoke, maana risiti ya benki haimtibu mtu.

Tatu, Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF. Mfuko huu ulianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita katika mikoa mingi ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Ni msaada mkubwa kwa wanyonge. Lakini huduma zake zilipangwa kuanzia zahanati na kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Kijana anayesoma mbali na nyumbani hana budi kujua kadi ya kaya yake inapokelewa wapi na kwa matibabu gani.

Nne, makampuni binafsi ya bima. Hapa someni mkataba wote, hasa sehemu inayotaja magonjwa yasiyolipiwa.

Wengine husema, "Tutakata bima akianza kuugua." Fikra hiyo ndiyo inayoua mifuko. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa ulisimamisha usajili wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi, ukawaelekeza wazazi wasajili watoto kupitia shule, kwa sababu wengi walikuwa wakiandikishwa wakiwa tayari wagonjwa na gharama ikapita michango. Mchango wa mwanafunzi ni mdogo kwa sababu wazima wengi wanachangia pamoja na wagonjwa wachache. Aliye mzima mwaka huu hajapoteza fedha yake. Amemtibu mwenzake, naye kesho atatibiwa na wenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Sheria hiyo inawatambua wasio na uwezo, lakini haimwondolei mwenye uwezo wajibu wa kuchangia. Aidha, haiwezi kujua ni kijana yupi wa kitongoji chetu amekwenda chuoni bila kadi. Sisi tunajua.

Basi napendekeza mambo matatu. Kila jumuiya iandike majina ya vijana wake walioko vyuoni na kuuliza kila mmoja ana kadi gani, na inakwisha lini. Tunapochangia sherehe ya kumuaga kijana, mchango wa bima utengwe kabla ya pilau na muziki. Na kwa yatima au mtoto wa mjane, jumuiya ilipe kimya kimya, bila kumtangaza. Tusiwasahau pia wanaohitimu: kadi ya mwanafunzi hukoma pamoja na masomo, wakati kazi bado haijapatikana.

Tumezoea kupitisha kapu kijana wetu akiwa amelazwa. Tulipitishe sasa, akiwa bado mzima.